Dakika Mbili za Mkono wa Mke Wangu

Mimi si mtu wa kuonewa huruma, hilo lijulikane kwanza. Shule niliiacha darasa la sita, Kisauni, na Kiingereza nilijifunza jikoni mwa hoteli nikisugua masufuria, kwa kutukanwa. Leo, huku ughaibuni, nina vani kumi na moja. Zile za buluu zenye mstari mweupe, zenye lifti nyuma ya kupandishia kiti cha magurudumu, zinazopeleka wagonjwa hospitali kila asubuhi, ni zangu. Mchukue mtu yeyote mwenye digrii, mwekee theluji ya kufika magotini, mwambie amtoe bibi wa miaka themanini Champlin amfikishe kwa daktari wake Golden Valley saa mbili kamili, na kiti chake, na mtungi wake wa oksijeni, na malalamiko yake. Uone digrii itamsaidia nini. Mimi nimefanya hivyo miaka kumi na minne na hakuna mgonjwa aliyekosa daktari kwa uzembe wangu. Nayasema haya mapema kwa sababu haya haya ndiyo yaliyoniponza Saint Paul, kwenye bunge la jimbo.

Mke wangu ni fundi cherehani. Cherehani yake iko chumba cha chini ya nyumba, karibu na mashine ya kufulia, na hapo huja wanawake wa kila namna. Watu wa kwetu pwani huleta madera na nguo za Idi. Wakenya wa bara, wale wa kanisani, huleta vitenge vya sare za harusi, wapambe wa bi harusi kumi na wawili na kila mmoja na mwili wake. Akipima mtu mara moja hasahau. Nimemwona akimtazama mwanamke mlangoni akasema, "Umepungua, shoga yangu, njoo nikubane kiuno," na ni kweli.

Jumamosi moja, mchana, nilimpeleka duka la vitambaa kwenye kitongoji kimoja cha kaskazini. Mimi nilibaki garini nikisikiliza redio, maana duka lile ukiingia na mwanamke hutoki. Nikasikia mlio kama rafu imeanguka. Kisha watu wakaanza kutoka mbio.

Nitaeleza lilivyokuwa, kwa sababu kila nikilisimulia watu husubiri niseme majambazi. Hapakuwa na jambazi. Palikuwa na mzee wa Kizungu, miaka sabini na kitu, kofia ya kuwindia kichwani, amemleta mkewe kununua nyuzi za kufumia. Mtoto wa mtu alidondosha kibunda cha uzi, mzee akainama amwokotee, na bastola ikachomoka mfukoni mwa koti lake ikapiga sakafu ya saruji. Haikuwa ndani ya ala wala haikuwa imefungwa. Ilikuwa bastola ya zamani aliyoachiwa na babake, akaitia mfukoni kama mtu anavyotia leso. Risasi ilipiga saruji, ikaruka, ikampata mke wangu kwenye kigasha cha mkono wa kulia alipokuwa akinyoosha kitambaa cha satini kukikagua.

Yule mzee alilia kuliko mke wangu. Simchukii. Nimejaribu kumchukia nikashindwa. Ninaowachukia ni waliokuja baadaye. Polisi walifika, wakamwuliza mke wangu tarehe yake ya kuzaliwa mara tatu huku akivuja damu, wakamwuliza mzee kama angependa maji ya kunywa. Mzee akatoa kadi yake. Polisi mmoja akaisoma, akamrudishia, akanigeukia akaniambia, "Ana kibali." Kama kwamba risasi yenye kibali huingia mwilini kwa adabu zaidi.

Hospitali waliuokoa mkono. Mfupa uliunga, ngozi ilifunga, ukiutazama kwa mbali utasema umepona. Lakini mshipa wa fahamu ulikuwa umekatika, na kipande chake kimepotea. Daktari wa upasuaji, kijana mpole, alituchorea kwenye karatasi: angechukua kipande cha mshipa mguuni akiunganishe mkononi, nao ungeota polepole kuelekea vidoleni. Ila kuna muda. Msuli usiopata habari kutoka kwenye mshipa hukauka, na ukishakauka hata ukiuletea mshipa mpya haujui tena cha kufanya. "Tusipitishe mwaka," alisema.

Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu. Mwaka mmoja, na vidole vitatu: gumba, cha shahada na cha kati. Vile vile vitatu vinavyoshika sindano.

Bima ikakataa. Barua ya kwanza ilisema upasuaji huo si wa lazima kitabibu. Tukakata rufaa, daktari akaandika kurasa nne. Barua ya pili ilisema mgonjwa anaweza kushika kikombe. Nikaisoma nikasimama, nikaisoma tena. Kikombe! Nani alimwambia karani wa bima kwamba mke wangu kazi yake ni kushika vikombe? Anakishika, ndiyo, kwa kukikumbatia na kiganja kama mtoto mchanga anavyoshika chupa. Wiki ile ile ya barua alijaribu kushona gauni la bi harusi kwa kulazimisha, akaona doa jekundu kwenye kitambaa cheupe, akashangaa limetoka wapi. Sindano ya cherehani ilikuwa imepita katikati ya kidole chake cha shahada na yeye hana habari. Alizima mashine, akaifunika na shuka, akapanda juu kupika. Hakuniambia. Nililiona doa mwenyewe nilipoteremka kufua.

Kuna dada mmoja, Mkisii, nesi katika kliniki ya mazoezi ya viungo alikokuwa akienda mke wangu. Wagonjwa wake wengi wanapanda vani zangu, kwa hiyo tunajuana. Ndiye aliyetuletea habari za bunge la jimbo. Alikuja Jumapili baada ya ibada, bado na nguo za kanisani, akaketi jikoni kwetu.

"Mzee, sikiza," akaniambia. "Kuna mswada. Ukipita, daktari anayekutibu jeraha akisema upasuaji ni lazima, bima haiwezi kumpinga kwa barua. Na lazima wajibu kwa siku chache. Kamati inasikiliza watu Jumatano. Nimetafuta watu watano wa kuongea. Mama awe mmoja."

"Na huo utapita lini?"

"Wakitaka kuharakisha, huu msimu. Na hata kabla haujapita, bima wakiona mtu ameenda kuongea mbele ya wabunge, mara nyingine wanaogopa. Nimeona. Lakini ni dakika mbili tu, mzee. Mbili. Aseme kilichompata, aonyeshe mkono, akae chini."

"Ni vizuri," nikasema. "Nitazungumza mimi."

Nesi akamtazama mke wangu. Mke wangu alikuwa akipiga pasi kwa mkono wa kushoto.

"Mkono ni wangu," akasema, bila kuinua macho.

"Najua ni wako. Lakini kwetu mtu hapelekwi mbele ya wakubwa akajisemee kama hana watu. Hata ukioa huendi kujisemea. Kuna msemaji."

"Hii si posa, baba watoto."

"Ni serikali. Ndiyo kabisa panataka msemaji."

Nakiri, na haliniumi kulikiri: mimi ndiye msemaji wa kila jambo la watu wa pwani katika miji hii miwili pacha, Saint Paul na jirani yake. Posa, msiba, kufungua duka, kuwapatanisha waliogombana, mimi huitwa. Wenye digrii zao hukaa nyuma. Nikasimama na kofia yangu ya kutariziwa, watu hunyamaza. Kwa nini nisiwasemee wabunge? Nikamwambia nesi anipe fomu, nikaandika jina langu. Nafasi ilikuwa moja kwa kila nyumba.

Binti yetu, anayesoma chuo, alinipimia muda kwa simu yake nilipofanya mazoezi ya hotuba sebuleni. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, ndivyo tulivyozoeana. Nilipomaliza akaniambia ni dakika saba na nusu, na kwamba mpaka dakika ya nne sijataja mkono.

"Hiyo ni heshima," nikamwambia. "Huwezi kumwingilia mtu nyumbani kwake ukaanza na shida."

Akasema huko si nyumbani kwa mtu, ni kamati. Akanishauri nianze na neno risasi. Nilimcheka. Nikamwuliza kama shuleni ndiko wanakofundishwa kuingia mahali bila salamu.

Jumatano tukaenda. Niliwaita watu wangu wakaitikia, wanaume ishirini na watatu, kanzu na makoti, vani tatu zimeoshwa zinang'aa. Huo ni uzito. Ukimwona mtu ameandamana na watu ishirini na watatu, unajua si mtu wa kuchezewa. Tukapanda zile ngazi za bunge, kuba kubwa jeupe juu yetu, na watalii wakatupiga picha.

Kamati zilikuwa mbili siku hiyo, milango ikitazamana, ukumbi katikati. Mlango wa kulia ulikuwa wa bunduki. Huko walikuwa wakijadili mswada wa kuwataka wanaobeba bastola hadharani waitie katika ala na wafundishwe kuibeba. Ulijaa hadi nje, upande mmoja fulana za rangi moja, upande wa pili fulana za rangi nyingine, kamera, kelele. Mlango wa kushoto ulikuwa wetu, wa bima. Watu wachache, suti nyingi, na kila suti inatazama simu yake. Nilisimama katikati ya milango ile nikiwa na mke wangu, nikajiuliza huyu sasa ni wa chumba gani. Aliyempiga anajadiliwa kulia, aliyemnyima tiba anajadiliwa kushoto, na mkono ni mmoja.

Tukaingia kushoto. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Mbele ya kiti cha msemaji kuna kitaa kidogo: kijani, njano, nyekundu. Aliyetangulia alikuwa mtu wa makampuni ya bima. Aliketi, akasema gharama, akasema gharama tena, akasema tunawajali wagonjwa, akanyamaza, na palepale taa ikawaka nyekundu. Hakuzidisha hata pumzi. Nikasema moyoni, huyu hii ndiyo kazi yake.

Nikaitwa. Nikarekebisha kofia. Nikaanza kwa kumsalimu mama mwenyekiti na kumwombea afya. Nikawasalimu waheshimiwa wajumbe, wa kulia kwake na wa kushoto kwake. Nikaleta salamu za masheikh wetu na za wachungaji waliotuunga mkono. Nikawaomba watu wangu wasimame waonekane, wakasimama, na kusimama kwa watu ishirini na watatu kwenye viti vilivyobanana si jambo la mara moja. Nikashukuru jimbo kwa kutupokea. Nikasema mimi niliingia hapa naosha masufuria na leo nina vani kumi na moja zinazobeba wagonjwa, na kwamba hakuna anayejua shida za wagonjwa wa jimbo hili kuliko mimi. Nikavuta pumzi ili sasa niingie kwenye jambo lenyewe.

"Asante sana, bwana," mama mwenyekiti akasema. "Muda wako umekwisha."

Nikatazama taa. Nyekundu.

"Mheshimiwa, bado sijaanza."

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, lakini kicheko.

"Naelewa. Kwa ajili ya kumbukumbu, unaunga mkono mswada au unaupinga?"

"Naunga mkono. Mke wangu…"

"Asante. Kuna mjumbe mwenye swali?"

Mmoja wa tai ya buluu akainua kalamu. "Bwana, hizo vani zako. Zinalipwa na bima?"

"Wagonjwa wengi, ndiyo. Bima ndiyo inayolipia safari."

"Kwa hiyo wagonjwa wakipata upasuaji na mazoezi zaidi, safari zako zinaongezeka."

"Mheshimiwa, mimi sikuja kwa ajili ya…"

"Nilitaka tu lieleweke. Asante, mwenyekiti."

Akaandika kitu. Nilikiona kichwa chake kikiinama kuandika na nikajua ameniandika mfanyabiashara. Mimi! Nimekuja na mkono wa mke wangu, nikaondoka nimeandikwa mchuuzi wa vani. Na yule wa bima, aliyekuja kuuza kweli, ameandikwa mtaalamu. Nikamwambia mama mwenyekiti kwamba mgonjwa mwenyewe yupo hapa, ameketi mstari wa tatu, amsikilize nusu dakika. Akasema kwa upole kwamba anasikitika, hayumo katika orodha, orodha ilifungwa jana, anaweza kutuma maoni kwa maandishi. Kwa maandishi! Mwambie mtu asiye na mkono wa kuandikia alete maandishi.

Tulitoka chumbani. Wanaume wangu walikuwa wakinipongeza, "Umesema vizuri, umesema vizuri," kama tunavyoambiana tukitoka kwenye posa. Mke wangu alingoja wamalize.

"Umewasalimia watu wote," akaniambia. "Umemsalimia hata asiyekuwepo. Mkono wangu umeutaja mara ngapi?"

"Wamenikata."

"Hawajakukata. Walikwambia dakika mbili tangu Jumapili. Mtoto alikwambia."

"Mimi nilikuwa nawapa heshima."

"Na mimi je, ulinipa nini?"

Nimewanyamazisha watu wengi katika maisha yangu, siku ile nilinyamazishwa mimi, mbele ya kanzu ishirini na tatu. Kisha akageuka akaelekea mlango wa kulia.

"Unakwenda wapi? Huko ni kwa bunduki!"

"Kwani mimi nilipigwa na nini? Mpira?"

Chumba cha bunduki mwenyekiti alikuwa ametenga muda mwishoni kwa wasiojiandikisha. Nesi alimshika mkono wakaingia pamoja, mimi nikabaki nimebanwa mlangoni na fulana za watu. Kuna mtu alikuwa akisema kwamba sheria ya ala itawaonea watu waadilifu. Kuna mwingine akasema bastola haijidondoshi. Kisha akaitwa yeye.

Mke wangu Kiingereza chake ni cha dukani, kifupi, hakina mapambo. Alisema hivi, nakumbuka kila neno: Mimi ni fundi wa nguo. Nilikuwa nanunua kitambaa. Bastola ya mzee mmoja ilianguka mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Risasi iliingia hapa ikatokea hapa. Sasa vidole hivi vitatu vimekufa. Halafu akachomoa pini kwenye mtandio wake, pini ya kawaida ya kubania, akaweka kidole gumba mezani, akakidunga. Iliingia nusu. Uso wake haukubadilika. Akaiacha isimame pale, akasema, "Sisikii kitu. Daktari anaweza kunitibu. Bima imesema hapana. Zimebaki wiki sita." Akachomoa pini, akafuta damu kwa leso, akainuka. Taa ilikuwa bado kijani.

Mjumbe mmoja, jitu la kaskazini, mkulima, mkanda wenye bizimu la fedha kiunoni, alisogeza kipaza sauti. Alikuwa wa wale wasiotaka ala.

"Mama," akasema, "pole sana. Kweli pole. Lakini suala la matibabu haliko mbele ya kamati hii."

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata mahali pa kukaa, na haijahama. Chumba cha kushoto hakikuwa na nafasi ya risasi. Chumba cha kulia hakikuwa na nafasi ya mkono. Watu wazima, wamesoma, wana wasaidizi na viyoyozi, wamelichukua jeraha moja wakaligawa katikati kwa ukumbi wa marumaru, kisha kila upande ukamwambia mwenye jeraha ajaribu mlango wa pili.

Walipiga kura mchana ule ule. Wa ala ulianguka kwa kura moja, na yule mkulima alisema hapana, nilimsikia kwa masikio yangu. Wetu wa bima haukupigiwa hata kura. Uliwekwa kando, ndivyo walivyosema, uchunguzwe zaidi, urudi msimu ujao wa bunge. Hakuna aliyeukataa. Nimejifunza kwamba kuua jambo huko si lazima mtu yeyote alikatae.

Tulikuwa tunashuka ngazi msichana alipotukimbilia, msaidizi wa yule mkulima. Bosi wake anaomba kuiona barua ya bima. Mke wangu akaitoa mkobani, msichana akaipiga picha, kurasa zote, akatushukuru, akarudi mbio.

Siku ya tisa simu ililia nyumbani. Mwanamke wa bima, sauti ya asali. Faili limeangaliwa upya. Upasuaji umekubaliwa. Wanaomba radhi kwa usumbufu wowote. Nilimwuliza kilichobadilika ni nini, mkono ni ule ule, daktari ni yule yule, zile kurasa nne ni zile zile. Akasema hana taarifa hiyo. Nikajua taarifa ninayo mimi.

Upasuaji ulifanyika zimebaki wiki tatu mwaka ukatike. Daktari alisema mshipa umeshika. Miezi mingi imepita na kidole cha shahada kimeanza kuwashwa, jambo ambalo kumbe ni habari njema. Gumba linajikunja. Cha kati bado. Juzi alishona kifungo kimoja cha shati langu, ikamchukua nusu saa, akanitupia shati akasema, "Usinitazame hivyo, nitakutoza."

Mimi nilitaka tumpelekee yule mjumbe halua na biriani, sinia zima, na watu.

"Nenda wewe," mke wangu akasema. "Umpe salamu mpaka ang'atuke."

Yeye alimwandikia barua, binti akaichapa. Alimshukuru mstari mmoja. Mstari wa pili alimwuliza: ikiwa uliona ni haki mimi nitibiwe, kwa nini sheria ya kutibiwa wote hujaisimamia, na ikiwa ulisikitika risasi ilianguka mfukoni, kwa nini ulikataa mfuko ufungwe? Jibu lilikuja kwa posta. Lilikuwa kadi ya rangi, yeye mwenyewe amesimama mbele ya trekta, ikimshukuru kwa kushiriki katika demokrasia.

Watu huniambia nishukuru. Namshukuru Mungu, tena kwa magoti. Lakini yule mtu simshukuru, na nitasema kwa nini. Alithibitisha kwamba ilikuwa inawezekana muda wote. Simu moja tu! Miezi kumi ya barua, rufaa, kurasa nne za daktari, na jawabu lilikuwa simu moja kutoka kwa mtu mwenye mkanda wa fedha. Bima haikuwa na sababu yoyote ya kukataa, ingekuwa nayo ingemwambia na yeye. Na ili apige hiyo simu, mke wangu, mama wa watu, alilazimika kujidunga pini mbele ya kamera. Mwingine atajidunga wapi?

Wiki iliyopita dereva wangu mmoja aliumwa, nikaendesha mwenyewe. Nilimchukua mzee wa Kizungu Lakeville, mwashi mstaafu, mguu mmoja umekufa ganzi baada ya kuanguka kwenye jukwaa la ujenzi. Alikuwa na bahasha mapajani. Aliniomba nimsomee kwa sababu miwani ameisahau, nikasimamisha gari pembeni, nikamsomea. Si wa lazima kitabibu. Maneno yale yale, hata mpangilio wa mistari.

Nikamweleza yaliyotupata. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mkeo alikubaliwaje?" akauliza. "Mliwapeleka mahakamani?"

Niliona haya kumjibu. Mimi ambaye sijawahi kuona haya ya kueleza nilivyofanikiwa jambo. "Mbunge alipiga simu," nikasema.

"Basi nipe namba yake."

Nikampa. Akapiga palepale, sauti imewekwa nje, nami nikiendesha. Msichana akapokea, huenda ni yule yule wa ngazini, adabu nyingi. Akamwuliza anaishi wapi. Mzee akasema Lakeville. Msichana akasema anasikitika sana, mheshimiwa anawahudumia wakaazi wa eneo lake tu, amtafute mbunge wa kwake, au atume maoni kwa maandishi.

Mzee akamshukuru. Akairudisha simu mfukoni, akaikunja barua, akaitia ndani ya bahasha.

"Bado mwezi mmoja na nusu," akaniambia. "Daktari amesema baada ya hapo msuli hautafaa."

Nilimwambia msimu mpya wa bunge umeanza, Jumatano kamati ya bima inakaa tena, na kwamba orodha hufungwa siku moja kabla. Akaniuliza azungumze nini, hajawahi kuzungumza mbele ya watu. Nikamwambia aanze na mguu.